Sura ya Tano: Mstari wa Ada

Slipu ya mshahara huwa hatuisomi, tunaichungulia. Jicho linaruka moja kwa moja hadi chini kabisa, kwenye kinachobaki mkononi, kisha linapanda juu kwa hasira kumtafuta mwizi. Kodi, ipo. Pensheni, ipo. Bima ya afya, mkopo wa saccos, mchango wa mazishi. Na katikati yao, kamstari kadogo ambako hakuna anayekuelezea: ada ya chama. Marehemu baba yangu mdogo, aliyefagia barabara za mjini kwetu hadi alipostaafu, alikaita kupe. Kila mwisho wa mwezi aliuliza kupe huyu amemfanyia nini, na mimi, mwanafunzi wakati huo, nilicheka naye.

Siku hizi sicheki. Kilichonikatiza kicheko ni habari za jiji moja la Marekani, kando ya mto Mississippi, ambako mwaka 1968 takataka zilirundikana na watu wakapigwa na kuuawa, na ukichimba hadi chini ya ugomvi wote unakuta hoja iliyokataa kulegea kwa siku 65: kamstari hako kawepo kwenye slipu, au kasiwepo.

Mgomo wa wazoataka wa Memphis, jimbo la Tennessee, unajulikana duniani kwa bango na kwa mauti. Bango ni lile jeupe lenye maandishi makubwa ya I AM A MAN. Mauti ni ya Martin Luther King, aliyepigwa risasi akiwa mjini humo kuwaunga mkono wagomaji. Mambo hayo mawili yamekuwa makubwa hata yameufunika mgomo wenyewe. Nimewahi kuwauliza watu wa vyama vya wafanyakazi, wenye kofia na fulana za Mei Mosi, wazoataka wale walikuwa wanadai nini. Wote walimjua aliyekufa. Kuhusu madai, walijibu "mshahara", kwa sauti ya mtu anayekisia.

Tuanze na kazi yenyewe. Memphis ya wakati ule mwenye nyumba hakuleta taka barabarani. Pipa lake lilikaa nyuma ya nyumba, na mzoataka ndiye aliyeingia mpaka uani, akamimina taka kwenye beseni kubwa, akajitwika kichwani au begani, akarudi nalo hadi kwenye gari. Mabeseni yalikuwa yamechakaa na kutoboka. Fikiria mwezi wa Julai, joto la bonde la Mississippi, na maji meusi ya nyama iliyooza na majani yaliyovunda yanachuruzika kisogoni, yanaingia kwenye kola, yanashuka na uti wa mgongo mpaka kwenye mkanda wa suruali. Funza nao humohumo. Jiji halikuwapa glavu, wala sare, wala mahali pa kuoga. Wengi walivua nguo nje kabla ya kuingia kwao, ili harufu isiwatangulie kwa watoto.

Malipo yalikuwa kiasi cha dola 1.60 hadi 1.80 kwa saa, na dola 1.60 ndiyo iliyokuwa kima cha chini cha nchi nzima mwaka huo. Mtu alifanya kazi wiki nzima bila kukosa siku na bado akastahili msaada wa serikali unaopewa maskini. Njia yako isipomalizika ndani ya saa za kazi, unaimalizia bure. Karibu wote walikuwa weusi, wasimamizi walikuwa weupe, na kwenye vitabu vya jiji wengi walihesabiwa kama vibarua wa saa, hata aliyekuwa na miaka 15 kazini. Neno kibarua tunalijua vizuri kwetu. Maana yake ni mtu ambaye mwajiri anamhitaji kila siku na hamkubali siku yoyote.

Tarehe 1 Februari 1968 ilinyesha mvua kubwa. Echol Cole, miaka 36, na Robert Walker, miaka 30, walikuwa kwenye gari la taka katika mtaa wa wazungu. Ndani ya kibanda cha dereva hapakuwa na nafasi ya kuwatosha wote. Kujikinga kwenye baraza za nyumba hakukuruhusiwa, kwa kuwa wakazi walishalalamika kuwaona wazoataka wamepumzika karibu na nyumba zao. Wakaingia nyuma, mahali pekee pakavu palipobaki: ndani ya pipa la gari, pamoja na taka. Gari lilikuwa kuukuu, na wafanyakazi walishalalamikia magari ya aina hiyo. Mtambo wa kushindilia taka ukawaka wenyewe. Ukawavuta wote wawili.

Mjane wa Walker alikuwa mjamzito. Jiji lilizipa familia mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Fidia haikuwapo, maana bima ya ajali kazini haikuwahusu vibarua. Tofauti ya fidia na rambirambi sina haja ya kumweleza msomaji wa Kiswahili: fidia unaidai ukiwa umesimama, rambirambi unapewa ukiwa umekaa chini, na unashukuru.

Katika siku hizohizo za mvua, wafanyakazi weusi zaidi ya 20 wa mifereji ya majitaka walirudishwa nyumbani na kupunjwa malipo ya siku, huku wasimamizi wao weupe wakibaki na kulipwa siku nzima. Tarehe 12 Februari, Jumatatu, watu wapatao 1,300 hawakwenda kazini. Hawakupiga kura ya siri, wala hawakutoa notisi ya kisheria. Makao makuu ya chama chao huko Washington yalishtuka kama meya alivyoshtuka.

Chama kilikuwapo basi? Kilikuwapo na hakikuwapo. Mzoataka mmoja, T. O. Jones, alikuwa amejaribu kuwaunganisha wenzake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 jiji lilimfukuza yeye na wenzake, 33 kwa jumla. Mwaka uliofuata alipata cheti cha tawi kutoka chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa majimbo, wilaya na manispaa, AFSCME, na tawi likapewa namba 1733, namba ambayo wenyewe wanasema ni kumbukumbu ya wale 33. Mwaka 1966 walitaka kugoma, jiji likakimbilia mahakamani na kupata zuio, mgomo ukafa kabla ya kuzaliwa. Kwa hiyo mwaka 1968 tawi lilikuwa na cheti, namba na kiongozi asiyechoka. Halikuwa na hela.

Hapo ndipo hadithi ya slipu inapoingia, na nitakaa nayo kidogo.

Kuna chama cha daftari na kuna chama cha slipu. Chama cha daftari ni hiki: Jones anasimama getini siku ya malipo na daftari lake, anamwomba kila mtu dola chache. Huyu ana mtoto mgonjwa, yule atatoa wiki ijayo, wa tatu anatazama pembeni kwa sababu msimamizi amesimama palepale anaandika majina. Wale 33 walipofukuzwa, kila mtu alijifunza maana ya kuonekana karibu na Jones. Chama cha namna hiyo kinaishi kwa ujasiri, na ujasiri huisha kabla ya mwezi kwisha. Chama cha slipu ni kingine. Fedha zinakatwa juu kwa juu kabla hujazishika, mwajiri mwenyewe ndiye mhasibu wako, na kwa kuzikata tu amekiri kwa maandishi kwamba chama kipo na kina watu. Chama kinaweza kuajiri mwanasheria. Mwakani bado kitakuwapo, na mwaka wa kumi pia.

Meya Henry Loeb aliielewa tofauti hiyo kuliko baadhi ya waliokuwa wakiandamana dhidi yake. Hakuwa mgeni wa taka: kabla ya umeya alishakuwa kamishna wa kazi za umma jijini humo, idara ya usafi ikiwa chini ya mkono wake. Alitoka kwenye familia yenye biashara ya dobi, mtu mrefu, mwenye sauti, anayependa kukutana na wananchi ofisini kwake kila wiki. Aliapishwa Januari 1968, na mwezi mmoja baadaye taka zikamwangukia. Msimamo wake ulikuwa rahisi na hakuuhama: mgomo wa watumishi wa umma ni haramu, warudi kazini kwanza, mambo ya mshahara yatazungumzwa. Kukitambua chama kwa mkataba, hapana. Kukata ada, hapana kabisa.

Msomaji asimdharau. Nyongeza ya mshahara ni hisani, leo unaitoa, kesho bajeti ikibana unaisahau. Mstari wa ada ukishaingia kwenye slipu hautoki kirahisi, na mtu aliyeingia nao atakuja mezani kwako kila mwaka, umpende usimpende. Loeb angeweza kuishi na senti chache za nyongeza. Alichokuwa anapigania ni haki ya kuzitoa peke yake.

Sheria ilikuwa upande wake. Sheria kuu ya kazi ya Marekani ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi wa viwanda haki ya kuunda vyama na kujadiliana na mwajiri, iliwaacha nje watumishi wa umma. Hoja yake si ya kipuuzi, na hata kwetu inarudi kila madaktari au walimu wanapogoma. Kampuni ikigomewa, tajiri anapoteza faida. Jiji likigomewa, nani anapoteza? Mama anayekaa na taka mlangoni si mwajiri wa mtu. Na meya, tukisema kweli, hapotezi hata senti. Kila siku ya mgomo ni siku ya mishahara asiyoilipa. Ndiyo maana mgomo wa umma ni wa ajabu: mgomaji hana faida ya kuizuia. Silaha yake ni aibu ya mkubwa. Kwa mzoataka, ipo na nyingine, uvundo.

Sasa angalia kalenda. Wazoataka wa Memphis waligoma Februari, wakati wa baridi. Taka za Februari hazinuki. Viongozi wa kitaifa wa AFSCME, Jerry Wurf akiwa rais wao, walishika vichwa: kama wangeulizwa, wangesema ngojeni kiangazi. Tena siku mbili tu kabla, wazoataka wa New York walikuwa wamemaliza mgomo wao wa siku tisa, jiji likiwa limefunikwa na taka hadi gavana na meya kugombana hadharani. Loeb alisoma magazeti hayohayo. Aliwaambia wajumbe wa chama kwamba hapa si New York, na akaanza kuajiri watu wa kuvunja mgomo.

Kwa hiyo wagomaji walikuwa na silaha isiyonuka, sheria iliyowakataa na chama cha daftari. Kilichowabeba ni kanisa.

Tarehe 22 Februari walijaza ukumbi wa baraza la jiji, mamia kwa mamia, mbele ya kamati ndogo ya madiwani iliyoongozwa na Fred Davis, mmoja wa madiwani watatu weusi kati ya 13. Walikataa kuondoka. Wakaimba, wakahubiri, na kisha, hili napenda sana, watu wakaleta mikate na nyama, wakaanza kutengeneza sandwichi humohumo ukumbini, juu ya meza za waheshimiwa. Kamati ikalegea na kupendekeza chama kitambuliwe na ada ikatwe. Wakaenda kulala wakidhani wameshinda. Kesho yake baraza zima likapitisha azimio jingine lililomrudishia meya uamuzi wote. Wakatoka nje kuandamana, polisi wakiwa ubavuni na magari yao. Gari moja likamkanyaga mama mmoja mguu, vijana wakalitikisa, na polisi wakaanza kuwapulizia watu dawa ya kuwasha machoni na kuwashukia kwa virungu, wachungaji kwa wazoataka.

Mchungaji aliyepuliziwa dawa huwa mtu mwingine. Siku iliyofuata viongozi wa makanisa ya weusi waliunda umoja wa kuubeba mgomo, chini ya James Lawson, mchungaji wa Kimethodisti aliyewahi kukaa India akisoma mbinu za Gandhi. Kuanzia hapo sadaka za Jumapili zililipa kodi za nyumba za wagomaji. Kila siku waliandamana kutoka kanisa la Clayborn Temple hadi makao ya jiji. Weusi wa Memphis wakaacha kununua kwenye maduka ya katikati ya mji, wakayasusia magazeti mawili ya jiji, na dobi lenye jina la Loeb likakosa mashuka ya kufua. Mgomo uliokosa uvundo ukapata aibu.

Na ukapata bango. Inasimuliwa kwamba lilitungwa na William Lucy, kijana wa AFSCME aliyezaliwa mjini humohumo, pamoja na mchungaji wa Clayborn Temple, mzungu aliyekuwa na mashine ya kuchapia. Picha inayojulikana zaidi, ya safu ya wanaume mbele ya kanisa, mabango yamebanana kama ukuta, ilipigwa tarehe 28 Machi na Ernest Withers. Mwaka 2010 ikabainika kwamba mpigapicha huyohuyo alikuwa akiwapa FBI habari za wanaharakati. Sijui kama picha inapungua kwa hilo. Mimi naiona inazidi kutisha.

Kulitafsiri bango kunatupa taabu tamu. "Mimi ni mtu", husema wengi, na utu unaingia, ni vizuri. Lakini halisemi hivyo tu. Linajibu neno jingine lililokuwa likitumika kila siku uani mwa nyumba za Memphis, neno ambalo Kiswahili hakikuhangaika kulitafsiri kwa sababu kililimeza zima: boi. Nairobi, Dar es Salaam, Mombasa, kila nyumba ya bwana ilikuwa na vyumba vya maboi nyuma, na ndani yake babu mwenye wajukuu alikuwa boi wa karani wa kizungu wa miaka 22. Kwa hiyo tafsiri yangu ni "Mimi ni mwanamume", na najua inawaacha nje wanawake, kama bango lenyewe lilivyowaacha.

Naomba nitoke Memphis kidogo niende Nairobi, maana kiungo kipo, sikukibuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza la jiji la Nairobi lilikuwa na bwana afya kijana kwa jina Tom Mboya. Siku moja, akiwa ofisini peke yake akishughulika na upimaji wa maziwa, aliingia mama wa kizungu na chupa ya sampuli, akaangaza macho chumba kizima, akauliza kama hakuna mtu. Mboya akamuuliza kama ana tatizo la macho. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe baadaye, na ukikiangalia vizuri ni bango la Memphis miaka 15 kabla, bila karatasi. Mabwana afya weusi walilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa wazungu waliofanya kazi ileile. Mboya hakuishia kwenye jibu kali. Alikichukua chama cha kirafiki cha watumishi Waafrika wa baraza, kilichozoea kuandika maombi ya unyenyekevu, akakigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kikasajiliwa, kikawa na wanachama wanaolipa ada. Tarehe 13 Mei 1959 alikuwa Atlanta, mgeni wa heshima kwenye chakula cha jioni cha uhuru wa Afrika, na mwenyeji aliyesimama kumkaribisha alikuwa Martin Luther King. Mtumishi wa zamani wa halmashauri, mwanachama wa chama cha wazibuaji mifereji na wafagiaji, na mchungaji ambaye miaka tisa baadaye angeitwa na wazoataka. Wote wawili walikufa kwa risasi, mmoja Aprili 1968, mwingine Julai 1969.

King alifika Memphis mara ya kwanza kwa ajili ya mgomo tarehe 18 Machi, akahutubia maelfu waliofurika kanisa la Mason Temple, na akapendekeza jambo zito: siku moja mji mzima wa weusi usiende kazini. Walipanga iwe tarehe 22. Usiku wa kuamkia siku hiyo ikaanguka theluji ya zaidi ya inchi 15, katika mji usiozoea theluji, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kazini, mweusi wala mweupe. Mzaha wa Mungu, walisema wengine.

Maandamano yakahamishiwa tarehe 28, na yakaharibika. Vijana nyuma ya msafara walivunja vioo, polisi wakapiga kila aliyekuwa mbele yao, na Larry Payne, mtoto wa miaka 16, akauawa na polisi kwa bunduki. Jimbo likaleta askari wapatao 4,000. Kesho yake wazoataka waliandamana hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine kwenye ukingo wa barabara, mabango kifuani, magari ya deraya upande mmoja na singe upande mwingine. King alirudi Aprili kuthibitisha kwamba maandamano ya amani yanawezekana. Usiku wa tarehe 3 alihutubia huku mvua ya radi ikigonga madirisha ya Mason Temple. Jioni ya tarehe 4 alitoka kwenye ubaraza wa chumba chake katika Lorraine Motel. Yaliyofuata yameandikwa kwingi.

Kisichoandikwa sana ni kwamba baada ya hapo meya bado alikataa. Tarehe 5 Aprili msafara wa wachungaji, weusi na weupe, ulikwenda ofisini kwake kumsihi, na Rabi James Wax akamwambia mbele ya kamera kwamba kuna sheria zilizo juu ya sheria za Memphis. Chini ya meza ya meya kulikuwa na bunduki. Tarehe 8, mjane, Coretta Scott King, aliongoza maelfu kwa maelfu kimyakimya katika mitaa ileile aliyopaswa kupita mumewe. Rais Johnson alikuwa amemtuma naibu waziri wa kazi, James Reynolds, kusuluhisha. Jiji linachungulia kaburi, nchi nzima inawaka moto, na Reynolds anaingia kwenye chumba cha mazungumzo kukuta watu wanabishana juu ya nini? Juu ya mstari wa ada.

Ulipatikanaje? Kwa ujanja ambao kila mwanachama wa saccos atatabasamu akiusikia. Wafanyakazi wa jiji walikuwa na ushirika wao wa akiba na mikopo, na jiji lilikuwa tayari linakata fedha za ushirika kwenye mishahara bila kelele. Ikakubaliwa hivi: jiji litakata na kupeleka kwenye ushirika, na ushirika, kwa idhini ya mwanachama mwenyewe, utapeleka ada kwa chama. Meya akabaki na neno lake kwamba hakati ada ya chama. Chama kikapata ada yake. Fedha zilezile, mfukoni mwa yuleyule, zimepitia mlango wa jikoni.

Tatizo la nyongeza lilimalizwa kimyakimya zaidi. Senti 10 kwa saa kuanzia Mei Mosi, senti 5 nyingine kuanzia Septemba. Jiji likasema halina hela za kufikisha Julai, mwanzo wa mwaka wake wa fedha. Tajiri mmoja wa dawa mjini humo, Abe Plough, akatoa dola 60,000 kuziba pengo, kwa sharti asitajwe. Weka tarakimu hiyo kando ya askari 4,000 na uhesabu mwenyewe. Tarehe 16 Aprili wazoataka walipitisha makubaliano ndani ya Clayborn Temple: chama kimetambuliwa, kuna utaratibu wa malalamiko, vyeo havitatolewa kwa rangi, na ada inakatwa.

Kama unadhani namkuza kupe wa baba mdogo kupita kiasi, tazama waliokuja baadaye kukivunja walichojenga watu hawa. Mwaka 2011 jimbo la Wisconsin, ambako AFSCME ilizaliwa miaka ya 1930, lilipitisha sheria ya kuwabana watumishi wa umma, na humo likapiga marufuku ada kukatwa kwenye mishahara ya wengi wao. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, katika kesi iliyobeba jina la AFSCME, iliamua kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama hawezi kukatwa hata mchango wa majadiliano yanayomnufaisha. Kwetu jibu limekuwa kinyume: sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 na ile ya Kenya ya 2007 zote zinaruhusu ada ya uwakala kwa asiye mwanachama, chini ya masharti. Ndiyo maana kijana anayeanza kazi anashtuka kukuta makato ya chama ambacho hakukijazia fomu. Ana haki ya kushtuka. Na chama ambacho hela zake zinakuja zenyewe kila mwezi kinaweza kusahau njia ya kwenda getini. Hilo baba mdogo aliliona kabla yangu, na sina jibu la kumpa. Jones na daftari lake alilazimika kumtazama kila mwanachama usoni. Katibu wa slipu halazimiki.

Ushindi wa Memphis ulikuwa na tundu pia. Katika mpango wa baada ya mgomo, wazoataka walichagua hifadhi ya jamii ya serikali kuu badala ya pensheni ya jiji. Wakati ule ilionekana busara. Walipozeeka, hela hiyo haikutosha kuishi, na wengi hawakuweza kustaafu. Mwaka 2017 jiji liliwatafuta wagomaji waliokuwa bado hai, likapata 14, likaamua kuwapa kila mmoja dola 50,000, kisha baraza likapandisha hadi 70,000.

Mmoja wa waliokuwa bado kazini alikuwa ameanza kuzoa taka mwaka 1954. Alikuwa na miaka 85, na usiku, magari ya mjini yakishapungua, alikuwa anaendesha gari la taka katika mitaa ya Memphis. Mapipa sasa yana magurudumu.